Riali mia mbili
Nilipopanda ndege Dar es Salaam kwenda Moroni, mji mkuu wa Komoro, Agosti 2016, sikuwa nimemuuliza mtu yeyote habari za safari. Za nini? Mimi mtu wa Tanga. Kingazija, lugha ya kule, na Kiswahili ni ndugu, na wali wa nazi wanakula kama sisi. Vitabu vya mwongozo niliwaachia Wazungu.

Uwanja wa ndege uko Hahaya, kaskazini ya mji. Nikatoka, nikafungua mlango wa mbele wa taksi upande wa kushoto, nikamkuta dereva ameketi. Kule magari hupita kulia, urithi wa Mfaransa. Kijana aliyenibebea begi akaniambia, "Kwezi." Nikang'amua kuwa ndiyo shikamoo yao, nikaitikia kwa sauti nzito ya mtu mzima: "Marahaba." Akacheka sana. Kwao marahaba ni ahsante, na kwezi huitikiwa "mbona". Hebu jaribu kumwitikia hivyo mtoto wa Tanga anayekuamkia!

Hesabu ya fedha niliiona nyepesi. Faranga yao imefungwa kwenye yuro, kama 492 kwa yuro moja, nami nilikuwa na yuro taslimu. Nashukuru nilizibeba, maana kadi ya benki kule si kitu cha kutegemea.

Asubuhi ya pili nikataka kwenda Mwali, kisiwa jirani. Boti huondokea Chindini, ncha ya kusini ya Ngazija, kisiwa chenye Moroni, na kufika huko unapanda taksi ya kuchangia, ambayo haiondoki mpaka ijae. Mwezi wa nane ni msimu wa harusi kubwa, anda. Wangazija wanaoishi Ufaransa wamerudi, na magari mengi yamekodiwa na watu wa shughuli. Nilikaa kituoni tangu saa kumi na mbili, tukaondoka saa tatu, nimebanwa baina ya gunia la mchele na bibi mmoja ambaye gari zima lilimwita Koko. Alikulia Unguja, Kiswahili chake kilinishinda mimi. Njia nzima alinionyesha miamba myeusi ya volkano ya Karthala iliyomiminika mpaka baharini, na kunitajia nani kaoza binti wapi na kachinja ng'ombe wangapi.

Tulipofika nikauliza nauli.

"Riali mia mbili."

Nikamhesabia dereva sarafu mbili za mia mia. Akazitazama, akanitazama mimi, akamtazama Koko.

"Mwanangu," Koko akasema, "kwenye noti zimeandikwa faranga, lakini mdomoni sisi tunahesabu riali. Riali moja ni faranga tano."

Kumbe nilidaiwa elfu moja! Nikatoa noti huku nimeinamisha uso. Dereva hakusema neno, na hilo ndilo lililoniuma.

Ufukweni hapakuwa na boti. Zilikwisha vuka alfajiri, na sasa kusi limeshaamka, mkondo wote umejaa mapovu. Wavuvi waliniambia boti ile ni ya faiba, ndogo, na nahodha mwenye akili hangoji jua lipande. Koko akasema mgeni halali mchangani, akanipeleka kwake. Usiku ule nilikula samaki wa kuchoma na muhogo, nikalala nikijizoesha kuzidisha kwa tano.

Baada ya swala ya alfajiri nilikuwa ufukweni, nimevaa jaketi okozi lililochanika bega. Nikamuuliza nahodha bei.

"Elfu kumi."

Safari hii sikutaka aibu. Nikapiga hesabu, nikamkabidhi noti tano za elfu kumi kumi. Akazipanga mkononi, akachomoa moja, nne akanirudishia.

"Hizo ni faranga, kaka."

"Marahaba," nikamwambia.