Nilivyoutafuta wosia wa baba

Baba alipofariki, sisi watoto wanne tuliamini kwamba hakuacha wosia. Hakuwahi kuutaja. Kaka yetu mkubwa alikwisha anza kujaza fomu za kuomba usimamizi wa mirathi, zile za mtu aliyekufa bila wosia, na sote tulikuwa tumekubali kutia sahihi. Mimi ndiye niliyemwomba asubiri. Kwenye fomu ile kulikuwa na sehemu ya kuapa kwamba marehemu hakuacha wosia wowote, nikamuuliza: tumetafuta wapi hata tuape?

Hatukuwa tumetafuta popote.

Nikaanza na chumba chake. Siku mbili nzima nilikaa sakafuni na makaratasi yake: mikataba, risiti za ada zetu za shule alizokuwa ametunza, barua za mama. Kazi ile inauma kuliko mtu anavyodhani, maana kila karatasi ina mwandiko wake. Wosia sikuuona. Ila ndani ya bahasha ya bima ya maisha nilikuta stakabadhi iliyokunjwa mara nne, wino umefifia, ina mhuri wa wakili na maneno matatu: "kuandaa na kushuhudia." Kuandaa nini, haikusema. Ilikuwa na umri wa miaka 11.

Tangu hapo niliacha kutafuta karatasi nikaanza kutafuta watu. Wosia mara nyingi haukai nyumbani. Unaweza kuwa kwa wakili aliyeuandika, benki, mahakamani au kwenye ofisi ya serikali inayohifadhi wosia pale ilipo, kwa kiongozi wa dini, au kwa rafiki ambaye familia haimjui vizuri. Mtu anaweza kupindua godoro mara kumi na asiupate kwa sababu haukuwahi kulala hapo.

Yule wakili naye alikuwa amekwisha fariki. Nilikata tamaa kwa siku kadhaa, kisha nikaandikia chama cha mawakili. Wakanijibu kwamba wakili akifa, majalada yake kwa kawaida hukabidhiwa wakili mwingine, na wakanielekeza kwake. Nilikwenda na cheti cha kifo na kitambulisho changu. Karani akatafuta, akasema hakuna jalada la jina hilo. Nilikuwa nimeshafika mlangoni nilipokumbuka kwamba zamani baba aliandika majina yake kwa mpangilio mwingine. Nikarudi, nikamwandikia majina yote kwa kila namna ninayoifahamu. Jalada likatoka.

Ndani yake mlikuwa na nakala kivuli ya wosia tu, na pembeni mtu ameandika kwa penseli: "Halisi iko benki." Nakala peke yake ingetuweka pabaya. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Uingereza, wosia halisi ukiwa mara ya mwisho ulikuwa mikononi mwa marehemu na sasa hauonekani, mahakama inaweza kuchukulia kwamba aliuharibu mwenyewe kwa nia ya kuufuta. Kwa hiyo nikaenda benki. Benki wakaniambia, kwa heshima, kwamba kuwa mtoto wa marehemu hakutoshi. Wangemkabidhi yule tu aliyetajwa kuwa mtekelezaji wa wosia.

Aliyetajwa ni shangazi. Hakuna kati yetu aliyemfikiria, na yeye mwenyewe hakujua. Nilipompigia simu alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Aliwahi kuniambia, 'Dada, nikiondoka utanisaidia mambo yangu.' Nilidhani anazungumzia mazishi."

Tulikwenda naye. Alitia sahihi kwenye daftari, akapewa bahasha iliyofungwa kwa nta. Wakili aliyekabidhiwa majalada alikuwa ametuonya tusitoe pini hata kama tunataka kutengeneza nakala, kwa kuwa tundu za pini bila pini humfanya hakimu aulize kama kuna ukurasa uliochomolewa. Shangazi aliishika ile karatasi kwa viganja viwili kama mtu anayebeba maji. Tuliangalia tarehe kwanza, kwa kuwa wosia wa baadaye kwa kawaida hufuta ule wa awali, kisha mashahidi. Walikuwa wawili, na hakuna kati yao aliyeachiwa kitu. Hilo lilinituliza, kwani katika nchi nyingi shahidi aliye pia mrithi hupoteza fungu lake. Hata hivyo niliuliza mahakamani kama kuna mwingine uliowekwa baada ya tarehe ile. Haukuwepo.

Kaka hakuwa na nia mbaya hata siku moja, nataka hilo lieleweke. Alikuwa amechoka, na alitaka mdogo wetu wa mwisho alipiwe ada. Usiku ule shangazi alitusomea wosia sebuleni, polepole, na alipofika mahali baba alipoagiza ada hiyo itolewe kabla ya mgawo wowote, kaka alimwomba arudie. Akarudia.

Wiki iliyofuata shangazi aliupeleka mahakamani. Kaka ndiye aliyemsindikiza.