Filamu za Mkupuo Mmoja Zinasifiwa Kupita Kiasi

Najua wapenzi wengi wa sinema watanipinga, lakini kila nikilitafakari jambo hili narudi palepale: filamu zinazotengenezwa zionekane kama shoti moja isiyokatwa, yaani kama kamera haikuzimwa tangu mwanzo hadi mwisho, mtindo uliopamba moto baada ya Birdman (2014) na 1917 (2019), zinapewa sifa kuliko zinavyostahili. Ufundi wake siubishii. Kinachoniuma ni gharama inayolipwa na hadithi.

Mkato, yaani pale shoti mbili zinapounganishwa, hufichwa hivi: kamera inasogelea kitu kinachojaza fremu nzima, kama mgongo wa koti au ukuta wenye giza, au inageuzwa kwa kasi mpaka picha inavurugika. Hapo shoti moja inaishia na nyingine inaanzia. Jicho lisishtuke, kasi ya kamera na upande inakoelekea lazima vilingane, mwigizaji awe ametanguliza mguu uleule, na tope liwe palepale kwenye nguo. Ndiyo maana Roger Deakins, mpiga picha wa 1917, filamu ya askari wawili katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alilazimika kungoja mawingu. Jua likitokeza, vivuli vinakataa kuungana na shoti iliyotangulia. Mahandaki nayo yalipimwa kwa mazungumzo. Handaki likizidi maneno, waigizaji wanatembea bila la kusema. Likipungua, wanafika mwisho sentensi ikiwa bado mdomoni.

Sasa mfikirie mhariri. Kwa kawaida angechukua uso kutoka teki ya 3, yaani mara ya tatu tukio lilipopigwa, na sauti kutoka teki ya 7, akafupisha kimya kilichozidi, akaruka mwendo usio na maana. Hapa hawezi. Tukio linaingia zima, na sentensi zake zilizopwaya. Na kwa kuwa safari hairukwi, vita vizima vinajibana njiani: katika 1917 ndege inatunguliwa na kuja kuangukia palepale walipo wale askari wawili. Ilipofika zamu ya kuvuka kutoka mchana hadi usiku, mwongozaji Sam Mendes mwenyewe ilibidi amfanye Schofield, mmoja wa askari hao, azimie na skrini iwe nyeusi. Huo ni mkato, na ulihitajika.

Alfred Hitchcock alikutana na jambo hilo katika Rope (1948). Kasha la filamu la futi 1,000 lilimpa takriban dakika 10 tu, kwa hiyo baadhi ya viungo alivificha kwenye migongo ya makoti. Vingine aliviacha wazi. Phillip, mmoja wa wauaji wawili katika hadithi, anapopaza sauti kwamba anasingiziwa, picha inakatwa waziwazi kwenda kwa Rupert, mwalimu wao wa zamani anayeigizwa na James Stewart, anayemtazama. Kwa sekunde chache tunaona shaka ikizaliwa usoni mwa Stewart. Kwangu hakuna mzunguko wa kamera katika filamu ile unaoufikia mkato huo.

Russian Ark (2002) ya Aleksandr Sokurov naiweka kando, kwa sababu kule filamu nzima ni shoti moja ya kweli na hakuna kilichofichwa: jumba la makumbusho la Hermitage huko Urusi, Disemba 23, 2001, majaribio matatu yakavunjika na la nne likafika mwisho. Hatari ile ni ya kweli, na filamu yenyewe inahusu mtiririko wa historia, kwa hiyo shoti ndefu ina kazi.

Anayetaka kuiga mtindo huu na apige shoti yake ndefu, kisha kabla ya kufungasha taa arudie tukio lilelile, kamera ikiwa kwenye uso wa anayesikiliza. Ni nusu saa ya ziada, na mhariri atapata pa kukatia.