Ngazi Tatu Kando ya Mto Delaware

Dola 90 tulilipa, mimi na binamu yangu, kukodi mtumbwi wa siku moja, na hata kasia hatukulishika. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko juu milimani. Asubuhi tukaukuta Mto Delaware, huku mashariki mwa Marekani, mwekundu kama chai ya rangi, unashuka na matawi mazima. Mwenye mitumbwi akasema leo hakuna kuingia majini, na pesa hazirudi, tuje siku nyingine. Siku nyingine! Kesho yake nilikuwa na ndege. Mpaka leo pesa ile inaniuma.

Tukaingia msituni kwa miguu, upande wa New Jersey, ndani ya hifadhi ya mapumziko ya Delaware Water Gap. Katikati ya majani nikaona ngazi tatu za mawe. Nikapanda ya kwanza, ya pili, ya tatu, nikajikuta nimesimama mbele ya miti mitupu. Pembeni maua ya bustani yameota kwa mstari ulionyooka, vilevile mtu alivyoyapanda mbele ya baraza yake. Jiwe la juu lilikuwa limelika katikati kwa nyayo.

"Mafuriko hayo," nikasema.

"Hapana, kaka. Hawa walihamishwa na serikali."

Kisa chenyewe kilianza Agosti 1955. Kimbunga Connie kililowesha ardhi ikashiba, na siku chache baadaye mabaki ya kimbunga kingine, Diane, yakamwaga mvua nyingine juu yake. Upande wa Pennsylvania, kijito cha Brodhead kilipanda ghafla usiku kikaikumba kambi ya Camp Davis, ambako kina mama na watoto walikuwa mapumzikoni. Walikimbilia darini, na nyumba ikasombwa nao ndani. Walikufa 37.

Kwa machungu ya mwaka ule, mwaka 1962 Bunge la Marekani likaidhinisha bwawa la kuuziba Mto Delaware kwenye kisiwa cha Tocks. Hifadhi yenyewe iliundwa 1965 ili izunguke ziwa ambalo bwawa lingeliunda, lenye urefu wa karibu kilomita 60. Maelfu ya watu wakatolewa makwao, nyumba zikabomolewa. Mwaka 1975 tume ya majimbo ya bonde hilo ikakataa ujenzi, na tangu 1978 sheria inaulinda mto usizibwe. Ziwa halikuja. Mafuriko yalirudi, tena miaka mitatu mfululizo: 2004, 2005 na 2006.

Kilichonishtua zaidi nilikiona kwenye ramani. Kijito cha Brodhead kinaingia mtoni baada ya maji kukipita kisiwa cha Tocks. Bwawa lile hata lingekuwapo usiku ule, lisingewaokoa wale 37.

Nikakaa kwenye ngazi nikamkumbuka bibi yangu, Rufiji. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu nyanda za juu, wasisombwe tena. Bibi akahama, akajenga. Lakini maji yalipopungua alishuka bondeni kulima mlau, kilimo cha baada ya maji kupungua, akilala kwenye dungu lake, kibanda cha juu ya nguzo, huku akifukuza nguruwe, kwa sababu udongo uliomlisha uliletwa na mafuriko yaleyale. Ukimuuliza kwao ni wapi, alinyoosha mkono kuelekea bondeni.

Binamu aliita mara mbili ndipo nikainuka. Nilishuka ngazi taratibu, nikikanyaga pale palipolika.