Muni au Makerere?

Jamani, vyuo vyote viwili vimenikubali kusomea uuguzi! Muni iko hapa hapa Arua, napanda boda tu nimefika. Makerere ni Kampala, kilomita karibu 500, basi la usiku mpaka uvuke Nile pale Karuma. Baba anataka Makerere: chuo cha tangu 1922, chenye jina lake. Mama yeye anapiga hesabu tu: hosteli, chakula, nauli kila muhula. Shangazi anaiogopa Kampala yenyewe (hajawahi kufika, ila habari zote anazo).

Mimi nimechagua Muni. Ni changa, ndiyo, imeanza 2013, lakini pesa ya kupanga chumba Wandegeya, mtaa ulio jirani na Makerere, bora ilipie ada ya mdogo wangu. Jumatatu napeleka karatasi. Baba bado ananiitikia salamu nusunusu.