Siku Shangazi alipoenda kwa Diuki

Agosti 2014. Mi nlikua namalizia masters pale Sheffield, hela hamna, disetesheni haiendi, Ijumaa usiku shangazi yangu wa Coventry ananipigia, kesho nakuja huko kwako unitembeze nimechoka kuangalia kuta. Sasa we mwambie shangazi wa Tanga kwamba huna hela, atakujibu sijakuuliza hela, nimekuuliza basi linaingia saa ngapi.

Jumamosi asubuhi nikampokea stendi, shikamoo marahaba, mkononi kabeba kikapu. Kikapu kweli cha ukili, kakifunika kanga, ndani chupa ya chai, chapati, katlesi na kichane cha ndizi za supamaketi. Nikampandisha basi la 218 linalokwenda Chatsworth, sababu kuna jamaa darasani alishaniambia ni pazuri na bustani yake kubwa, basi, mimi mwenyewe nlikua sijui hata ni kwa nani.

Kabla sijaendelea lazima niseme ya nyumba yetu, bila hiyo hamtaelewa kwa nini siku ile imenikaa kichwani hivi. Babu alituachia nyumba Ngamiani, pale Tanga, kwenye zile barabara za namba, nyumba ya kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, uani mwarobaini. Alipofariki warithi wakawa kumi na moja. Na mirathi yetu mnaijua, wa kiume mafungu mawili wa kike fungu moja, nyumba nayo haikatwi kwa msumeno, kwa hiyo 2011 ikauzwa, kila mtu akapewa bahasha yake. Shangazi alipewa ya kwake Coventry kwa njia ya benki, akalia wiki nzima, na tokea siku hiyo akawa haongei na baba mdogo, yeye ndo alikua msimamizi wa mirathi. Miaka mitatu. Kwenye simu akimtaja alikua anasema "yule".

Basi limetoka kwenye milima ya kondoo likashuka bondeni, ng'ambo ya mto Derwent tukaliona. Jumba la mawe ya rangi ya asali, madirisha huwezi kuhesabu, nyuma yake mlima wa miti. Shangazi akauliza hii hoteli ee? Nikasema nyumba ya mtu. Akanyamaza kidogo. "Mtu mmoja?"

Tiketi zilinipeleka nusu ya bajeti ya wiki, tuyaache hayo. Ndani kila chumba kina mzee au bibi wa kujitolea, kakaa kwenye kiti na beji yake, ukimuuliza swali moja anakupa miaka mia tatu ya historia. Na Shangazi ni mtu wa maswali. Kiingereza chake cha kazini, kafanya kazi ya kutunza wazee miaka kumi na tano, vizee vya Kizungu anavijulia kuliko mimi, kwa hiyo kila chumba tukawa tunakaa robo saa watu wanatupita.

Wa kwanza ndo akatueleza kwamba hapa ni kwa Duke wa Devonshire, ukoo wa Cavendish, na Duke ndo cheo cha juu kabisa cha kurithi ukiondoa ufalme, chini yake Marquess, halafu Earl, halafu Viscount, wa mwisho Baron. Shangazi akamwita Diuki mpaka leo. Akauliza Devonshire ndo hapa? Mzee akacheka, hapana hapa ni Derbyshire, Devon iko mbali huko kusini. Shangazi akanigeukia kwa Kiswahili, "Yaani kama mtu aitwe Mwinyi wa Mtwara na anakaa Korogwe." Nikashindwa kumtafsiria yule mzee.

Mimi kizazi changu shuleni kulikua na somo la siasa, tumekaririshwa ukabaila na ubwanyenye mpaka basi, kabaila kwangu alikua ni mchoro tu wa mtu mwenye tumbo kwenye kitabu. Siku ile nikawa natembea chumbani kwa kabaila mwenyewe, kwenye zulia lake, na kitu kilichonishangaza sio dhahabu. Ni vile mambo yalivyoanza kienyeji. Mwaka 1549 mwanamke anaitwa Bess wa Hardwick, mtoto wa watu wa kawaida tu wenye kashamba, na mumewe William Cavendish walinunua hili eneo kwa pauni 600. Yule mume alikua wa pili. Bess aliolewa mara nne, kila mume ana mali kuliko aliyetangulia, wa mwisho ni Earl wa Shrewsbury, na kila mmoja alipokufa mama anasogea ngazi moja. Shangazi alisimama mbele ya picha yake, mama mwembamba na lulu shingoni, akasema kwa heshima kabisa: "Huyu alijua kuhesabu."

Mtoto wake mmoja akapata u-Earl 1618, na hakuupata kwa vita wala uchamungu, alimlipa mfalme James pauni 10,000. Halafu kitukuu cha huyo mtoto akawa mmoja wa wale wakubwa saba waliomwandikia barua William wa Orange mwaka 1688 aje achukue ufalme, William akaja akachukua, na 1694 jamaa akalipwa fadhila, akawa Duke wa kwanza. Ndo hivyo. Ukanunua, ukachagua upande ulioshinda, miaka mia tatu baadae watu wanalipa tiketi kukuangalia vijiko.

Alama ya ukoo ni nyoka aliyejikunja. Yupo kila mahali ukishamjua. Shangazi alipomwona mara ya kwanza alisema auzubillahi akavuta kanga, lakini nilipomsomea maneno yanayokwenda na yule nyoka, ya Kilatini, maana yake ni kama salama kwa kujihadhari, akatikisa kichwa akasema hao ni watu wa pwani hao.

Kilichomwingia zaidi ni habari ya urithi wenyewe. Akamuuliza bibi mmoja hivi Diuki akifa watoto wanagawana vipi? Bibi akasema hawagawani. Cheo na jumba na mashamba vyote vinashuka kwa mtoto wa kiume wa kwanza, na huyo akiwa bado hajarithi anaazimwa cheo kingine cha baba, kwa desturi anaitwa Marquess wa Hartington. Wadogo zake wa kiume? Wanaitwa Lodi fulani, basi, wanatafutiwa jeshi au kanisa. Wasichana? Lady. Wanapata nini? Bibi akainua mabega. Hata ile sheria ya 2013 iliyoruhusu binti wa kwanza arithi kiti cha ufalme haikugusa vyeo vya hawa, huku bado ni wanaume. Shangazi akabaki mdomo wazi. Huyu mtu alikua kanung'unikia lile fungu moja miaka mitatu.

"Kumbe sisi na nusu yetu tuna afadhali," akasema. Halafu kama dakika mbili hivi, tuko kwenye ngazi: "Lakini nyumba yao imesimama."

Hapo ndo ilikua nukta, na sikuwa na jibu. Sisi tumegawana haki, kila mtu kapata, na nyumba hamna. Wao wamemnyima kila mtu isipokua mmoja, nyumba ipo. Mimi nasema bado ni dhuluma, ila niliona mwenyewe namna dhuluma inavyoweza kung'aa ikipigwa polishi karne nne.

Na hata hivyo karibu iwaponyoke. Duke wa kumi alikua kampa mwanae mali mapema kukwepa kodi ya mirathi, sheria ikisema lazima aishi miaka mitano tokea siku ya kutoa. Novemba 1950 akadondoka akafa akichanja kuni, bado wiki chache tu miaka mitano itimie. Shangazi: "Diuki anachanja kuni mwenyewe?!" Kodi ikaja asilimia 80 ya kila kitu. Na mrithi mwenyewe hakua wa kutarajiwa, kaka yake mkubwa aliuawa vitani Ubelgiji 1944, miezi minne baada ya kumuoa dada yake John Kennedy, yule yule aliyekuja kua rais wa Marekani. Kwa hiyo mdogo mtu na mkewe wakarithi deni. Wakauza maelfu ya eka, wakatoa michoro, wakatoa na jumba zima la Hardwick, lile alilojenga Bess, kuipa serikali. Na 1981 wakaliweka Chatsworth kwenye taasisi ya hisani, ikapewa nyumba na bustani kwa mkataba mrefu wa kukodi, na Duke na familia yake wakawa wanakaa pale kwa kulipa kodi ya pango.

Shangazi alisimama kabisa. "Wakfu," akasema. "Si wakfu huo? Huuzwi, haugawanywi." Halafu ikamjia ile nyingine akaanza kucheka. "Na Diuki mpangaji! Mpangaji kama mimi!"

Kuna chumba kimoja, unaangalia kupitia mlango uliofunguliwa nusu, unaona kwenye mlango wa ndani kinaning'inia fidla, kwenye ndoano ya fedha, kivuli chake kimeanguka kwenye mbao. Haipo. Ni rangi tu. Mchoraji anaitwa Jan van der Vaart kaichora pale, nyuzi, ndoano, kivuli, mpaka unataka uitungue. Shangazi alisogea, akarudi nyuma, akasogea tena. Mzee wa chumba akatuambia mlango huo haukutengenezwa hapa, ulikua kwenye jumba lao la London, Devonshire House, ulihamishiwa huku zamani. Jumba lenyewe liliuzwa baada ya vita ya kwanza, 1924 likavunjwa, geti lake la chuma likahamishiwa Green Park na lipo mpaka leo, linafungukia bustani.

Shangazi hakucheka safari hii. Akauliza kwa Kiswahili, bila kuniangalia, "Mlango wetu ulikwenda wapi?"

Babu alikua na mlango wa mvule, bamba mbili, sio wa nakshi kama wa Unguja, wa kawaida, ila kwenye fremu alikua anachora kwa kisu urefu wa wajukuu kila Idi. Mimi nipo pale, alama yangu ya mwisho ni ya 1989. Aliyenunua nyumba aliibomoa, kajenga fremu za maduka. Mlango sikuwahi kuuulizia.

Tukatoka kupitia duka, sababu hakuna njia nyingine ("Diuki na duka lake," akasema Shangazi, ikamfurahisha mwenyewe), tukatandika kanga kwenye majani karibu na ile chemchemi inayorusha maji juu kuliko mnazi. Tukanywa chai. Nikasoma kwenye kijitabu kwamba huko nyuma Duke wa sita alikua na mtunza bustani anaitwa Joseph Paxton, karibu na 1830 akaletewa mche wa mgomba wa Mauritius, akauotesha kwenye nyumba ya vioo kwa joto la makaa ya mawe, 1835 ukatoa ua, akaupa jina la bosi wake, Cavendish. Wamishenari wakachukua miche wakapeleka Samoa, na baadae ugonjwa ulipoua zile ndizi za biashara za zamani, dunia ikahamia kwenye hii. Ndizi za supamaketi karibu zote ndo hizo.

Shangazi alikua na moja mkononi, keshaimenya nusu, stika ya bluu bado ipo kwenye ganda. Akaigeuza geuza.

"Hii?"

"Hiyo."

"Yaani mgomba nao wameubatiza jina la ukoo." Akang'ata. "Haina hata utamu."

Halafu akajifuta mikono, akatoa simu, akaangalia saa, Tanga ilishaingia magharibi. Nikajua anampigia binamu yangu. Ikaita sana. Sauti iliyopokea ilikua ya baba mdogo, nikaisikia mpaka nilipokaa, inasema haloo, haloo, nani? Shangazi akameza mate.

"Mlango wa baba uko wapi?"

Kimya, maji yanarushwa, watoto wa Kizungu wanakimbizana. Halafu baba mdogo akasema haraka haraka kama mtu aliyekua anasubiri swali hilo miaka mitatu, mlango upo dada, waliobomoa nliwalipa wauache na fremu yake, upo kwangu, nimefungia banda la kuku.

"Kuku?"

"Sina pengine pa kuuweka dada, ni mkubwa."

Shangazi akaanza kucheka mpaka ndizi ikamdondoka, huku machozi yanamtoka, akasema kuku wanakaa kama Madiuki hao, na baba mdogo akauliza ma-nini?, na ikabidi aanze kumweleza tokea mwanzo, Bess na waume zake wanne, vocha ikaisha akiwa kwenye mume wa tatu.