Vitufe Vitano vya Liebig

Siku tulipotembelea maabara ya mwanakemia Justus Liebig mjini Giessen, Ujerumani, kundi letu lilipita haraka mbele ya picha za ukutani, likaganda kwenye kidude cha kioo kinachoenea kiganjani. Liebig alihamia mji huo mwaka 1824, akiwa na miaka 21, akapewa jengo lililokuwa la walinzi wa kambi ya askari. Alifundisha humo hadi 1852. Tangu 1920 ni makumbusho.

Kidude chenyewe, alichokibuni mwaka 1831, ni bomba lenye vitufe vitano, lililokunjwa kwa umbo la pembetatu. Mwongozaji alishika nakala yake na kutueleza kazi nzima: kupima kiasi cha kaboni na haidrojeni kilichomo kwenye sampuli. Takriban nusu gramu ya sampuli huchanganywa na oksaidi ya shaba ndani ya bomba refu la kioo, kisha bomba hupashwa moto kwa mkaa. Mvuke wa maji, unaoonyesha kiasi cha haidrojeni, hunaswa na kloraidi ya kalisi. Kaboni dayoksaidi huendelea hadi kwenye vitufe vilivyotiwa maji ya haidroksaidi ya potasi. Unapima uzito wa kila kinasio kabla na baada, basi. Gramu 0.5 za glukosi zikitoa gramu 0.73 za kaboni dayoksaidi, zidisha kwa 12 (uzito wa atomu ya kaboni), gawanya kwa 44 (uzito wa molekuli ya gesi hiyo): kaboni ni gramu 0.2, yaani asilimia 40. Kabla ya hapo mwanakemia Mfaransa Gay-Lussac alipima ujazo wa gesi juu ya zebaki, kazi ya kuchosha isiyokubali sampuli kubwa.

Nilimuuliza kinachoharibika ni nini. Oksaidi ya shaba, alijibu, hufyonza unyevu wa hewani. Isipokaushwa vizuri, haidrojeni huzidi kwenye hesabu. Ukiharakisha mkaa, mapovu hukimbia kabla gesi haijanaswa, na kaboni hupungua kwenye hesabu. Kizibo kikivuja, hesabu yote ni bure. Mwishoni huvunjwa ncha ya nyuma ya bomba na hewa hufyonzwa taratibu, ili gesi iliyosalia nayo ifike kwenye vitufe.

Kwangu, hicho ndicho kilichostahili kukumbukwa kuliko sura ya mtu yeyote: njia ambayo hata mwanafunzi mgeni aliweza kuifuata na kupata jibu la kuaminika. Mwanakemia Hofmann, aliyekwenda London mwaka 1845, alisomea humo. Kekulé naye, aliyekuja kusomea usanifu majengo, akahamia kemia.

Chama cha Kemia cha Marekani kimeweka vitufe hivyo kwenye nembo yake. Mwenzetu mmoja alikuwa amevaa beji hiyo kwa miaka, akidhani ni urembo tu.