Nilivyoratibu ubadilishanaji wa makala zisizo na majina miongoni mwa watafsiri

Wenzangu 14 wa fani ya tafsiri walinikabidhi zoezi walilolipenda kabla ya kulielewa: kila mmoja aandike makala fupi kuhusu jambo asilothubutu kulisema kwa jina lake, kisha ichapishwe na mwenzake, pasipo yeyote isipokuwa mimi kujua nani kaandika nini.

Awamu ya kwanza niliwapanga wawili wawili, nikaharibu kila kitu, kwa sababu mtu alipoiona makala yake kwa fulani alijua papo hapo kwamba aliyonayo yeye ni ya fulani huyo. Awamu ya pili nilichanganya vikaratasi vya majina na kuvipanga kwa duara, wa kwanza akampa wa pili, wa pili akampa wa tatu, hadi wa mwisho akamrudia wa kwanza. Hata hivyo nusura niumbuke tena, kwani katika sifa za faili moja nilikuta jina kamili la mwandishi limetulia. Tangu hapo nikawa nanakili maneno matupu kwenye faili jipya.

Mtindo ndio uliokuwa mgumu kuficha. Mwaka 1964, wanatakwimu Frederick Mosteller na David Wallace walitoa uchambuzi wa makala 12 zilizogombaniwa baina ya wanasiasa wa Marekani Alexander Hamilton na James Madison, miongoni mwa 85 zilizotoka kwa jina la kubuni la Publius kuanzia 1787, wakampa Madison kwa kuhesabu maneno madogo ambayo mwandishi huyatumia bila kufikiri. Mwenzetu mmoja alifungua kila aya kwa "ikumbukwe kwamba", nami nikamrudishia aiandike upya mwenyewe, maana kama ningezirekebisha mimi, zote zingesomeka kama zangu.

Makala iliyonigusa zaidi ilihusu herufi moja. Mwandishi alitafsiri mkataba, na mahali palipopaswa kusomeka "hatawajibika" akaandika "atawajibika". Aligundua baada ya kukabidhi kazi, akakaa kimya siku tatu kabla ya kumpigia mteja simu. Nilimwomba aondoe aina ya biashara iliyohusika pamoja na lugha aliyotafsiri kutoka kwayo, kwa kuwa wanaoimudu miongoni mwetu ni wanne tu.

Hayo hayakuzuia watu kubahatisha, na wengi walimwangukia mtu asiyehusika, ambaye alinijia akiwa na hasira akitaka nitangaze kwamba si yeye. Nilikataa, kwani nikimsafisha mmoja leo, kesho atakuja wa pili na wa tatu kwa haki ileile, na atakayebaki atakuwa amejulikana. Alinielewa, nadhani, lakini hakunisemesha kwa majuma mawili.